Mnavu wa Marehemu Mama

Marehemu mama alipopalilia migomba yetu kule Masoko, jembe lake liliruka kila shina la mnavu, mboga iliyojiotea yenyewe, na jioni tulikula ndizi kwa mnavu huo. Siku hizi mdogo wangu anapiga dawa ya magugu. Simlaumu: anavaa buti na glavu, hapulizi siku ya upepo, watoto na mbuzi hawakanyagi mpaka ikauke. Lakini shamba limebaki jeupe, na weupe huo unanikera. Juzi nililizunguka lote na kikapu, nikarudi nacho kitupu.

“Dada, dawa hii inaua mpaka mizizi,” akanieleza. “Haichagui.”

“Mama alikuwa anachagua.”

Akalitazama shamba, kisha akaniuliza taratibu kama mbegu za mnavu zinauzwa dukani.