Mawe ya Kanisa la Mtemi

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga, tulikohamishiwa wakati wa vijiji vya ujamaa, kulikuwa na magofu ya nyumba ya mapadre wa zamani pamoja na kanisa lao. Kilima walichojenga walipewa na mtemi, chifu aliyewatawala babu zetu, naye alipokufa akazikwa mle mle kanisani. Mimi niliishia darasa la pili, kwa hiyo nasimulia nilivyosikia. Paa lilianguka kabla sijazaliwa, mbuzi wakapageuza zizi, tena mbuzi wanene kweli, lakini hayo tuyaache.

Kijiji kilitaka mawe ya kujengea zahanati, nikaambiwa mimi ndiye nianze kubomoa. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na tulishazika watoto wawili. Nani aguse ukuta wa mtemi na mimba iko nyumbani? Nikaenda kwa binti wa mtemi, bibi mzee, nikamkuta anapalilia mihogo kama sisi wengine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unatetemeka, umeiba?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka akaegemea jembe.

"Hayo mawe baba aliwabebesha babu zenu kutoka ziwani, bila hata kikombe cha togwa. Ni yenu. Kaburi tu mniachie."

Akapiga funda la maji, akanipulizia kifuani, ndiyo baraka ya kwetu.

Nilirudi napiga mluzi. Tulibomoa, kaburi tukaliacha. Mtoto alizaliwa zahanati haijaezekwa, akalia kwa sauti mbaya kabisa, nami nikacheka peke yangu uani.