Dereva Aliyesubiri Spea

Barabara ya kupandia kwetu Uru ilianza kuchongwa nikiwa darasa la tatu. Siku hiyo hatukusoma. Mwalimu mwenyewe alitutangulia kwenda kutazama. Katapila la njano lilipanda likinguruma, likang'oa miti na kusukuma udongo kando, akina mama wakapiga vigelegele. Lilipofika mbele ya nyumba yetu likakohoa mara mbili, likazima.

Dereva wake, kijana mrefu mwenye aibu kutoka Dodoma, alishuka akachungulia injini, kisha akamgeukia bibi yangu aliyesimama mlangoni.

"Shikamoo mama. Pampu imekufa. Spea inatoka Dar es Salaam. Wiki ijayo tutaendelea."

"Marahaba. Basi ingia ule."

Injinia wa barabara aliogopa wezi watalifungua katapila vyuma, akaagiza dereva abaki kulilinda. Bibi akampa chumba tulichowekea kahawa, na koti la marehemu babu, maana baridi yetu ilikuwa inamtetemesha hadi meno. Chakula nacho kilimsumbua.

"Mama, leo tena ndizi?" aliuliza siku moja kwa upole.

"Jana ndiyo ilikuwa ndizi," bibi akamjibu. "Leo zimepondwa. Huu ni mtori."

Wiki ijayo ilipita. Injinia alikuja na Landrova kutuambia spea iko bandarini. Akaja tena kusema imetoka, ila ni ya katapila la aina nyingine. Halafu masika yakaanza. Mvua zilipokatika, dizeli ikawa hakuna. Ilipopatikana dizeli, injinia akahamishwa, na yule mpya akataka barabara ipimwe upya kwa sababu hakuviamini vipimo vya mwenzake.

Dereva alikuwa akilifuta katapila kila asubuhi. Baadaye akawa anakata kwanza majani ya ng'ombe, ndipo analifuta. Baadaye tena akawa anakata majani tu. Kuku wetu walitagia kwenye kiti chake, na bibi alianika maharage juu ya lile bamba la kusukumia udongo.

Shangazi yangu, kitinda mimba wa bibi, ndiye aliyekuwa akimpelekea chai. Ilianza kuchukua muda mrefu sana, hiyo chai. Dereva alipoleta posa, ukoo ulikaa, na mdogo wake babu akamhoji.

"Utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka spea ifike, mzee."

"Basi huyu ni mwenyeji," mzee akawaambia wenzake. "Mpeni mke."

Wakafunga ndoa parokiani. Bibi akawakatia kipande cha kihamba chake, shamba la urithi, ndugu wakanuna, kisha wakazoea. Dereva akapanda migomba, akajenga nyumba na jiko la nje, akajifunza Kichagga cha kugombania mfereji wa maji.

Nilikuwa sekondari mkandarasi mwingine alipokuja na mashine mpya. Vigingi vikapigwa. Kona iliyo karibu na nyumba yetu ilikuwa inanyooshwa, na mstari ulipita katikati ya migomba ya shangazi. Ukaitishwa mkutano, mimi nikiwa nyuma na mama.

"Kuna mwenye neno?" injinia wa mkandarasi akauliza.

Mume wa shangazi akasimama. "Mheshimiwa, tusiwe na haraka. Hii migomba ndiyo kwanza inazaa."

Injinia akamkazia macho. "Wewe si dereva wa lile katapila lililokufa?"

"Ndiye mimi."

"Na barabara huitaki?"

"Naitaka sana! Ila ipite kule." Akaonyesha shamba la mdogo wake babu.

"Kule wapi?" mzee akaruka, naye akaonyesha kwa jirani. Jirani akaonyesha kanisani. Katekista akaonyesha bondeni, ambako hata mbuzi hashuki. Nilicheka mpaka mama akanifinya. Mkutano ukaahirishwa, na ule uliofuata nao ukaahirishwa.

Mwishowe kona ilibaki kona. Hadi leo magari hupiga honi hapo kabla ya kupinda. Lami ilifika kanisani nikiwa nimeshaajiriwa mjini. Shangazi alipoteza lile jiko la nje tu, lililokuwa limeingia barabarani, na aliyelibomoa ni mumewe, kwani mkandarasi alikuwa amemwajiri kuendesha katapila jipya. Alilisukuma taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa, kisha akashuka kula.

Shangazi akamkabidhi sahani. "Ukishiba unijengee lingine, kuni zisilowe."

Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilikuja nyumbani, tukapikia kwenye jiko jipya.