Ndege Kuukuu za Jirani

Jirani yangu huunda ndege ndogo za plastiki kama mimi, ila zake huonekana zimeruka miaka. Hupaka rangi ya fedha, hunyunyiza chumvi yenye unyevu, hupaka kijani juu yake, kisha huisugua ile chumvi kwa kidole gumba, taratibu, akiguna kama anayemkanda mtoto mgongo. Kijani hubanduka, fedha ikachungulia kama bati. Nimejaribu yote hayo. Zangu huonekana zimeota upele. Jana mke wangu aliishika ya jirani kwa mikono miwili. Yangu hajawahi kuigusa. Kwa kijicho nikamfuata jirani.

"Kaka, unajuaje pa kubandua?" nikamuuliza.

"Namfikiria rubani akipanda," akasema, "anakanyaga wapi."

Nilirudi nyumbani nikaitazama yangu. Hakuna aliyewahi kuipanda.