Kontena ya Taka Imekuwa Shamba la Mama

Leo lori la taka limekuja, na mama yangu amelifukuza.

Mnakumbuka ile kontena ya taka niliyokodi tukibomoa jikoni ya zamani ya udongo? Tuliijaza, mwenye kontena akakataa kuja kuichukua. Kila nikimpigia simu ananiambianga, "Kesho, boss."

Kwa hasira nikawa napita hapo bila hata kuiangalia.

Asubuhi nikasikia honi getini. Ni dereva wake! Nilifungua nikikaribia kumkumbatia.

Mama akatoka na ungo.

"Kijana, shamba yangu unapeleka wapi?"

Shamba?

Nikachungulia ndani. Jameni! Mama alikuwa ametupia mbegu kimyakimya kwa ule udongo wenye majivu. Na mvua ya Kakamega mnaijua. Mrenda, kunde, majani ya malenge yanamwagika mpaka nje.

Kumbe ndiyo mboga nimekuwa nikisifu kila jioni!

"Urudi nikimaliza kuvuna," mama akamwambia, akamfungia mrenda kwa mfuko. Dereva akaenda akitabasamu.

Mlio karibu, kujeni mchume.

Saa hii mwenye kontena amenipigia, anaitaka haraka.

Nimemwambia kesho.