Makoja ya Mfalme Ndani ya Mifuko ya Taka

Saa moja asubuhi, katika mji wa kisiwani wa Kapaʻau, Nāpua Kaleohano amepiga magoti kwenye lami mbele ya lori la taka, anapasua mfuko mweusi kwa kucha. Ndani mna makoja ya maua yaliyovishwa sanamu ya Mfalme Kamehameha, aliyeviunganisha visiwa hivi, jana siku ya sikukuu yake.

"Anti, sogea basi, nina kazi," dereva anamsihi.

"Kazi gani? Ya kumzoa mfalme?"

Nāpua, mwenye miaka 63, anatunga makoja tangu akiwa na miaka tisa. La mwaka huu lilikuwa na urefu wa mita sita. Lilimla siku tatu na maua ya plumeria elfu moja na mia mbili, mpaka vidole vikavimba.

Hapa hata mtoto anajua kwamba koja halitupwi jalalani. Ni kama kumtupa aliyekupa. Likinyauka, uzi unakatwa na maua yanarudishwa udongoni.

Lakini mwaka huu usafi amepewa mkandarasi wa mbali, na kwenye karatasi yake makoja yameandikwa "taka za sherehe". Taka! Na viongozi walioipitisha karatasi hiyo ni haohao waliojipanga jana chini ya maua kupigwa picha, meno yote nje.

Dereva si mgeni. Ni Keoni Makanani, mzaliwa wa hapahapa.

"Mimi nimetumwa tu, Anti. Nikikataa, kesho usukani huu una mwingine."

"Bibi yako ndiye aliyenifundisha kushika sindano, Keoni. Angekuona hapo juu ungemwambia nini? Umetumwa?"

Keoni anazima injini. Anashuka, anavua kofia.

"Safari ya kwanza imeshakwenda jalalani, Anti. Mifuko minne. Lako lilikuwa humo, nililibeba mimi."

Nāpua anatokwa na machozi.

"Usiandike kwamba nina huzuni," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Andika nina hasira. Jana tunamwimbia, leo tunamfunga mfuko mmoja na vikombe vya soda! Tumerogwa?"

Mpaka saa sita mchana wawili hao wamekaa kwenye majani, wanakata nyuzi za makoja ya watu wengine. Bosi wa Keoni anapiga simu mara tano. Keoni anaitazama simu inavyolia, anaendelea kukata.

Nāpua anasema ataiandikia kamati ya sherehe barua: mwakani, waliotunga makoja ndio wayavue kwenye sanamu.

Na wakikataa?

"Nitatunga vilevile, nitamvisha mfalme. Halafu nitavaa koja langu mwenyewe, nikae pale miguuni pake. Wakija na mifuko yao, waanze na mimi."