Majani ya Mirontsy

Nahodha aliisifu boti yake tangu tukiwa bado ufukweni Moroni, utadhani anaitafutia mchumba. Ni ya jeti, alisema, haina rafadha chini; inanyonya maji tumboni na kuyatupa nyuma kwa nguvu, kwa hiyo mwamba si kitu kwake, na maji ya magotini yanaitosha. Nilimwambia sikuja kuiposa, nataka inifikishe kwa mama yangu. Sikuwa mtu wa maneno matamu siku hizo. Mimba ilikuwa imenielemea na miguu imevimba.

Kwetu Mutsamudu nyumba ni ya mwanamke, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Mimi nilikuwa nafanya kazi ofisini Moroni, nimepanga mtaa wa Magoudjou, na kisiwa chetu kilikuwa kimejitenga na serikali ya Moroni. Meli zilisimama, ndege nazo, na bandari yetu ilishikwa na watu wenye bunduki ambao hukujua leo wameamkaje. Mama aliniletea ujumbe kwa mdomo wa mchuuzi mmoja: njoo, mikono yangu ingalipo. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, na nilielewa vizuri kwa nini alisema hivyo. Mume wangu, mtu wa Ikoni, kisiwa kimoja na Moroni, asingeweza kufuatana nami, maana lafudhi yake peke yake ingemtia matatani. Alinileta kwa teksi, akanipandisha botini, kisha akageuka upesi nisimwone akilia. Nilimwona.

Humo ndani tulikaa kama tunavyokaa kila mahali. Mbele walikaa wazee waliokwisha kufanya ndoa kubwa, ile harusi ya gharama inayompa mwanamume heshima mjini, kila mmoja na nafasi yake kwa cheo chake, na aliyewazidi wote umri akapewa benchi lenye mto, bushuti lake, joho la tarizi, amelikunja mapajani. Wakafuata vijana wa kiume. Nyuma kabisa, juu ya mashine, tukakaa wanawake na mizigo yote: magunia ya mchele, masufuria, hata godoro. Hakuna aliyetupanga hivyo. Nahodha naye hakuona kosa lolote, kwa sababu na yeye ni wa kwetu.

Njia nzima wazee walibishana kuhusu kujitenga, nani kamkosea nani, Kingazidja cha Moroni na Kindzuani cha kwetu vikigongana, lakini kwa adabu, hakuna aliyemkata mwenzake kauli. Mimi nilihesabu pumzi zangu na kumwomba Mungu.

Ili kuikwepa bandari, nahodha alielekea Mirontsy, ufuko wa jirani na mji wetu, maji yakiwa yamekupwa. Tulifika karibu kiasi cha kuona nguo zilizoanikwa. Hapo injini ikapiga kelele na boti ikasimama. Nahodha akaongeza moto. Kelele zikazidi, mwendo hakuna. Chini yetu lilikuwa konde zima la majani ya bahari, marefu na membamba, na boti isiyoogopa mwamba ilikuwa imeyabugia hadi ikapaliwa. Mkondo ukaanza kutusogeza kuelekea bandarini.

Nahodha alizima injini, akatusogeza, akafungua kifuniko kilichokuwa chini ya miguu yetu. Maji yakachupa ndani. Akakifunga haraka.

"Nyuma ni kuzito mno," alisema. "Nikifungua hivi tutazama. Nendeni wote mbele kabisa, nyuma kunyanyuke, ndipo nitie mkono niyang'oe. La sivyo watatutoa wale wa bandarini, na wakitutoa wao watatugeuza Moroni."

Hakuna aliyekataa, na hilo ndilo lililonitia hasira. Kila mtu alikuwa radhi, ila baada ya mwenzake. Mbele kabisa hapakuwa na benchi, palikuwa na mbao zenye maji, na atakayetangulia angekaa chini ya wengine. "Tafadhali, wewe kwanza." "Siwezi kukupita, mkubwa wangu." Mzee wa benchi lenye mto alikuwa na goti bovu na bado anatafuta kiatu chake. Wazee wenzake wakamngoja yeye, vijana wakawangoja wazee, nasi wanawake tukawangoja vijana. Bandari ilikuwa inakuja.

Maumivu yakanishika kiunoni, ya kwanza ya kweli. Nikasimama.

"Bakoko," nilimwambia yule mzee, kwani ndivyo tunavyomwita babu, "mimi nitazaa hapa hapa juu ya hili godoro, na nyinyi mtakuwa mmepangika vizuri kabisa mkinitazama."

Mzee aliniangalia, kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akashuka, akatambaa kwa mikono na magoti hadi mbele, na kulitandika bushuti lake kwenye zile mbao.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," alisema. "Mimi nitakaa chini yako. Cheo changu leo nimekisahau Moroni."

Baada ya hapo watu walimiminika, wake kwa waume, bega kwa bega, godoro likapitishwa juu ya vichwa. Nyuma kukanyanyuka. Nahodha alifungua kifuniko, akatia mkono hadi kwapani, akaanza kuyatoa majani kwa mafungu kutoka kwenye chujio la chuma. Alitukataza kuyatupa majini, boti isije ikayanywa tena. Mama mmoja alivua shiromani yake nyekundu, ile nguo pana ya kujitanda, akaitandaza, yakarundikwa humo. Injini ilipowashwa hatukwenda kwa kishindo. Nahodha aliipa moto kidogo sana, vijana wakisukuma kwa upondo, mpaka tukaona mchanga.

Mzee aliniambia nijifunike bushuti nishuke nalo. Nilimwambia marahaba, ndiyo shukrani yetu, nikashuka nalo.

Mama alinipokea mlangoni, akanibandua jani lililonata kifundoni. Binti yangu alizaliwa alfajiri, na mikono iliyompokea ni ile ile niliyoahidiwa. Walikuwa pamoja msimu mzima wa mvua, mtoto akilala kifuani kwa bibi yake. Mama alifariki kabla njia haijafunguka.

Ilipofunguka, nilirudi Moroni na kumpelekea yule mzee, aliyekuwa naye amesharudi kwake, bushuti lake. Nilikuwa nimelifua mara nyingi, lakini chumvi ilikuwa imechujua tarizi na doa la mafuta ya injini lilikataa kutoka. Nikaanza kuomba radhi. Alinikatiza.

"Mama yako alimshika mtoto?"

"Alimshika, bakoko."

Akalivaa pale pale, na doa lake kifuani, akaenda zake kuswali Ijumaa.