Nyumba Nyuma ya Lango la Saba

Ilikuwa mwaka ule ambao daraja lilisombwa na mafuriko. Hapana, nisiwadanganye. Daraja lilisombwa mwaka uliotangulia, maana mwaka ninaousema tulikuwa tunavuka kwa lile la mbao, na dada yangu lilimshinda hadi shemeji akambeba mgongoni. Basi ni mwaka huo, wa daraja la mbao.

Shemeji yangu alikuwa fundi wa kufuli. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko: meza moja, tupa za kila unene, na funguo zisizo na wenyewe zimening'inia ukutani. Watu walimwita Mzee Funguo hata kabla hajaota mvi. Ukimpelekea kufuli iliyogoma, huitikisa kwanza sikioni, kama anayesikiliza malalamiko yake. Maneno yake yalikuwa machache. Kumbe alikuwa anayaweka akiba, kwa sababu kichwani mwake mlikuwa na dola nzima.

Dola hiyo ilikuwa na malango saba, kila lango limefungwa kwa kiapo badala ya kufuli, na binti wa bawabu ndiye peke yake aliyesikia viapo vinaanza kulegea. Mlikuwa na majeshi, na ndege wanaobeba moto midomoni, na mfalme asiye na kivuli. Vitabu vingekuwa saba, lango moja kitabu kimoja. Aliponieleza mara ya kwanza nilicheka.

"Shemeji, wewe hata risiti unaiandika kwa shida."

"Risiti haina farasi," akanijibu.

Dada yangu, mkewe, alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa mapazia na mashuka. Figo zilipoanza kumsumbua, cherehani ikamshinda miguu, akabaki na sindano ya mkono. Jioni shemeji anamsomea alichoandika, naye anashona. Lakini usidhani alikuwa msikilizaji wa kuitikia tu.

"Ngoja, baba. Jana jeshi lilivuka mto. Leo tena wako ukingoni. Walirudi kuoga?"

"Huo mto mwingine, mama."

"Uko wapi? Nionyeshe."

Hakuwa na pa kuonyesha. Ndipo dada akatoa shuka jeupe kuukuu, akaanza kuidarizi ile dola juu yake: milima ya kahawia, mito ya bluu, malango mekundu, njia nyeusi. Wakawekeana sharti. Yeye hashoni mahali ambapo hajasomewa, na mumewe haandiki safari isiyopitika kwenye shuka. Nimemwona kwa macho yangu, mtu mzima, anapima kwa kidole toka lango hadi jangwa, ananung'unika, kisha anawaongezea askari wake siku mbili za njaa.

Mimi nilikuwa mfunga vitabu kiwandani, kwa hiyo kitabu cha kwanza kilipokwisha kikaja kuchapwa kwetu. Wakati huo daktari alikuwa ameshamwita shemeji pembeni.

"Hivyo sita vingine Mungu ndiye anajua," shemeji aliniambia. "Hiki akishike mkononi. Basi."

Ramani ikapigwa picha moja kwa moja kutoka kwenye shuka. Siku ya kukagua kurasa za majaribio, shemeji akaiinamia, kisha akaweka kidole juu kabisa.

"Shemeji, hii nini?" akaniuliza.

Kaskazini, nyuma ya lango la saba, palikuwa na nyumba. Nyumba ndogo ya uzi wa manjano, ina mlango na dirisha, na hapakuwa na njia ya kuifikia.

"Si wewe umemsomea?" nikamwuliza.

"Kule sijafika hata mimi."

Mpiga chapa wetu, mtu wa mizaha, akadakia, "Labda mkeo kajijengea kimya kimya. Kakuchoka."

Hakuna aliyecheka. Yule bwana akakohoa, akasema kuiondoa inawezekana, ila bamba la kuchapia ramani itabidi litengenezwe upya, nalo hutengenezwa mbali, ni wiki nzima ya kungoja. Shemeji akaitazama ile nyumba anavyotazama kufuli.

"Iacheni," akasema. "Wiki sina."

Nakala ya kwanza niliifunga mwenyewe, nikaipeleka nyumbani mchana huo gundi ikiwa bado mbichi. Dada akawekewa mto mgongoni. Hakwenda kwenye hadithi. Alifungua ramani, akaipapasa kama anayetafuta nyuzi.

"Imelala vizuri," akasema.

"Mama, sharti umelivunja. Nyumba ya nani hii?"

Akatabasamu. "Wewe si una miguu? Andika. Utafika."

"Nikifika nitamkuta nani?"

Akasema amechoka, atamwambia kesho. Kesho yake hakuweza tena kusema. Wiki ile ile ambayo tungekuwa tunangoja bamba, tulimzika.

Kitabu kilipata wasomaji. Wengine walikuja kibandani na kufuli nzima kabisa, wapate kuuliza cha pili kinatoka lini. Yeye anaendelea kupiga tupa, anasema, "Bado hatujaelewana." Mwanzo wa kitabu cha pili aliuandika mara nyingi, najua maana alikuwa ananisomea mimi. Kila mara binti wa bawabu anaondoka vizuri, farasi mzima, chakula tele, halafu shemeji anainua macho kwenye shuka ukutani, kwenye ile nyumba ambako safari itaishia, anaweka kalamu.

"Buni tu mtu," nilimwambia. "Wewe si ndiye mwenye dola?"

"Nikimweka mtu mle, na siye yule ambaye dada yako alimkusudia, nitakuwa nimemvunjia nyumba yake."

Naye ameshamfuata mkewe. Shuka liko kwangu. Juzi nimelitoa kulianika, nikaligeuza nyuma, upande ambao hatukuwahi kuutazama. Dada alikuwa mtu wa kupiga fundo na kukata, na kwenye kila mto, kila lango, uzi umekatwa safi. Ila pale mlangoni mwa ile nyumba pana uzi umefungwa fundo na haukukatwa, unaning'inia, una urefu wa kiganja changu. Si wa manjano. Ni mweusi, rangi ya njia.

Nikasimama uani nimeushika, nikasema kwa sauti kama mtu aliyepungukiwa akili: dada yangu, hiyo njia uliyokuwa unaianza, ilikuwa ya mtu anayekuja, au ya mtu anayeondoka?